Kadi ya Msumari wa Kwanza

Kila Alhamisi kabla ya kengele, Chiriku alipitia karakana ya shule kumwamkia mjomba wake, fundi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Alhamisi ndiyo siku ambayo shule ilipata mashine ya kuchomelea vyuma. Shule tatu ziliitumia kwa zamu, na saa sita kamili dereva aliichukua kuipeleka kwingine. Mwalimu mkuu aliandika kazi kwenye kadi na kuzitundika mlangoni mwa karakana kwa misumari. Fundi alianza na ya msumari wa kwanza bila kuuliza.

Siku hiyo kadi ya kwanza ilikuwa ya vyuma vya pembeni mwa ngazi za darasa la kwanza. Kadi ya goli lililovunjika ilikuwa ya nne, na mechi ilikuwa Jumamosi. Chiriku, nahodha wa timu, alitazama huku na huku. Mjomba alikuwa nje akipokea mashine. Akabadilisha zile kadi mbili, akaenda zake kama mtu asiye na habari.

Wakati wa mapumziko alimkuta mdogo wake ameegemea vyuma vile vya ngazi, anachungulia chini. Vyuma vikayumba. Chiriku akamdaka shati.

"Dada, unanichania," mdogo wake akalalamika.

Chiriku alimvuta nyuma. Alimwomba mwalimu wa darasa la kwanza awazuie watoto ndani, kisha akakimbilia uwanjani, mjomba alikokuwa akichomelea goli.

"Mjomba, zima mashine," alisema akihema. "Kadi nimezibadilisha mimi. Ngazi ndiyo ilikuwa ya kwanza."

Mjomba akainua kinga ya uso. "Kumbe. Nikadhani mwalimu mkuu kabadili mawazo. Saa ngapi sasa?"

"Saa nne na nusu."

"Ngazi inataka saa moja na nusu. Kamata waya huo, twende."

Dereva alipofika na kuanza kupiga honi, mjomba alikuwa anamalizia kiungo cha mwisho. Vyuma vilipopoa alivishika kwa mikono miwili, akavitikisa kwa nguvu zake zote. Havikusogea hata kidogo. Chiriku alikaa kwenye ngazi akashusha pumzi ndefu, machozi na kicheko vikamjia pamoja.

"Sasa naruhusiwa kuegemea?" mdogo wake akauliza kutoka mlangoni.

"Egemea mpaka uchoke," Chiriku akamjibu.

Baadaye, wakielekea kwa mwalimu mkuu kueleza kosa lile, Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo, "Na goli, mjomba?"

"Kwa mechi moja, bolti mbili na spana zinatosha. Kesho asubuhi tutalifunga, mimi na wewe. Ungeuliza, ningekwambia. Ngazi ndiyo haikuwa na njia nyingine ila mashine."

Chiriku akainamisha kichwa.

"Sikiliza, mwanangu," mjomba akasema. "Kifaa cha wengi hakifuati hamu ya mmoja. Kinatangulia penye hatari, na pale ambapo bila hicho kazi haifanyiki. Na ukikosea, sema mapema, muda wa kurekebisha ukiwa bado upo. Wewe huongea kutwa nzima, lakini leo umesema maneno machache tu, na hayo ndiyo yaliyomwokoa mdogo wako."