Mguu wa Tereza na Sahani ya Mwisho

Kwii. Kitanda kililia gizani.

Tereza akatulia, mguu mmoja chini, mwingine bado kitandani. Akasikiliza. Machibya, mumewe, aligeuka, akaendelea kukoroma. Afadhali.

Akashusha mguu wa kulia polepole, akaukanyagia. Maumivu yakampanda kutoka kwenye muundi, mbele ya mguu, hadi gotini. Akauma mdomo. Wiki iliyopita mguu ulimuuma akikimbia tu. Leo umemuuma kabla hata hajafunga viatu.

Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Wenzake walikuwa wakimsubiri Igoma, kwenye barabara ya Musoma. Tereza hakukimbia kwa kujifurahisha. Mbio ndefu ndiyo kazi yake. Marathoni, kilomita arobaini na mbili na ushei, aliwahi kuimaliza kwa saa mbili na dakika thelathini na sita. Si wanawake wengi wanaoweza hivyo. Jumamosi kocha Chenge angechagua wawili wa kwenda kushindana nje ya nchi, na jina la Tereza lilikuwa juu kabisa. Akisema mguu unauma, jina litafutwa. Kwa hiyo hakusema.

Asubuhi ile alikimbia kilomita kumi na nane kwa kikombe kimoja cha chai ya rangi. Akarudi, akafua, akachota maji, akasonga ugali. Wakati wa kupakua alifanya kama alivyofundishwa kwao, na kama walivyofanya hapa kwa wakwe. Sahani ya kwanza ya mama mkwe. Ya pili ya mume. Ya tatu ya mgeni, na nyumba ile haikukosa mgeni. Ya nne ya Winnie, binti yao wa miaka mitano. Yeye akabaki na sufuria. Siku hiyo sufuria ilikuwa na ukoko, na mchuzi wa kuchovya mara mbili.

"Mama Winnie, umekula?" mama mkwe aliuliza kutoka sebuleni.

"Nimekula, mama."

Wala hakusikitika sana. Mwaka jana alimsikia kocha akisema mazoezini, "Mzito hapandi mlima!" Tangu siku hiyo Tereza aliifanya njaa kuwa rafiki.

Huko sebuleni mama mkwe alikuwa na hoja nyingine. "Machibya, mkeo anashika ukuta akitembea. Na mimi macho ninayo. Miezi mingi sasa sioni dalili za siku zake. Mjukuu huyo!"

"Mama, watu wanasikia."

"Wasikie! Mjukuu si mwizi, nimfiche kwa nini?"

Tereza aliinama juu ya sufuria, uso umemchoma. Alikwishapima mimba mara mbili. Hakuna. Miezi saba hakuona siku zake. Wenzake walimwambia, "Shukuru. Ndiyo dalili kwamba mazoezi yamekuingia." Alijaribu kushukuru. Ila moyo ulikataa.

Jioni mama mkwe alimkanda muundi kwa maji ya moto na chumvi. Alikanda kwa nguvu zake zote, kwa upendo wake wote. Machozi yakamtoka Tereza.

"Vumilia, mayu, mama yangu. Ni damu imeganda tu."

Kesho yake mguu ulivimba.

Alhamisi alikuwa bombani. Alipojitwisha ndoo, akachechemea hatua tatu, sauti ikamwita.

"Tereza! Tua hiyo ndoo."

Alikuwa jirani yao, Ishrat. Familia yake inauza vifaa vya ujenzi Igoma tangu enzi za babu yake, lakini Ishrat aliikimbia misumari akachagua mifupa. Ni muuguzi, wodi ya waliovunjika.

"Si kitu, dada Ishrat. Nimejikwaa."

"Umejikwaa wiki tatu mfululizo? Njoo hapa. Nionyeshe panapouma. Kwa kidole kimoja."

Tereza akaonyesha. Ishrat akabonyeza palepale, mahali padogo kama kifungo cha shati. Tereza akaruka.

"Msuli ukiuma, unauma eneo zima," Ishrat alisema. "Huu unauma mahali pamoja, juu ya mfupa. Unauma hata ukipumzika?"

"Unauma."

"Basi naogopa mfupa una ufa. Mwembamba, kama ufa wa kikombe. Ukiendelea kutia chai, kuna siku kinakubakia mkononi vipande viwili."

Tereza aliketi kwenye ukingo wa bomba. Aliiona Jumamosi ikija kama mtu anayekuja kumdai.

"Lakini mimi sikuanguka popote!"

"Mkimbiaji hahitaji kuanguka. Mfupa unachoka kila siku, na kila siku mwili unaukarabati. Mwili ukikosa chakula, ukarabati unasimama. Sasa nikuulize jambo la wanawake. Siku zako unaziona?"

Tereza akatazama chini. "Miezi saba sijaziona. Nimepima, si mimba. Wenzangu wanasema ni nafuu."

"Nafuu?" Ishrat alipandisha sauti, kisha akaishusha. "Sikiliza, mdogo wangu. Luku ya umeme ikibakiza uniti mbili nyumbani, unafanyaje?"

"Nazima pasi. Nazima friji. Nabakiza taa."

"Na mwili hufanya hivyohivyo. Unachoma chakula kingi barabarani, unaingiza kidogo. Mwili unaona uniti zinaisha. Unazima hedhi. Halafu unaacha kujenga mifupa. Unabakiza moyo upige tu. Kukosa hedhi siyo tuzo ya mazoezi. Ni kengele. Kuna maradhi mengine pia yanayoleta hali hiyo, kwa hiyo daktari akuone. Leo. Na hukimbii tena mpaka aseme."

"Jumamosi kocha anachagua."

"Ukikimbia Jumamosi, utabebwa."

Daktari alimpiga picha ya mfupa. Picha haikuonyesha kitu. Tereza alitaka kucheka kwa furaha, lakini daktari akatikisa kichwa. Ufa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye picha ya kwanza, alisema. Maumivu yanatosha kutuonya. Akampa magongo ya kutembelea, akampima damu, akamwambia arudi baada ya wiki mbili. Aliporudi, picha ya pili ilionyesha ufa.

Lakini kabla ya hapo ilibidi Jumamosi ifike.

Alikwenda Igoma kwa magongo. Wenzake walikuwa wakinyoosha miguu. Walipomwona wakaacha.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba. Nini tena hii?"

Alimweleza yote. Mguu, miezi saba, ukoko, na yale maneno ya mzito hapandi mlima. Kocha Chenge alivua kofia.

"Yale maneno nilimwambia mwenzenu Masalu! Masalu alitoka likizo ya Krismasi na kitambi kama mtungi! Wewe nani alikuambia yanakuhusu?"

"Niliyasikia, kocha."

"Maskini mimi na mdomo wangu." Akairudisha kofia kichwani. "Safari hii nakufuta, Tereza. Siwezi kukudanganya. Lakini kwenye kikundi hufutwi. Nenda upone. Na nyie wengine, mnaojisifia kukosa siku zenu, leo hii mkamwone muuguzi."

Tereza alilia njia nzima. Safari imekwenda. Je, mguu nao utakwenda? Alikuwa na miaka ishirini na saba. Kazi nyingine hakuijua.

Jioni, wakati wa chakula, Ishrat alifika nyumbani. Alimwamkia mama mkwe, akanywa chai, kisha akasema wazi kwamba Tereza anatakiwa kula mara nyingi, ashibe, na asile wa mwisho.

Mama mkwe akakunja uso. "Tangu lini mwanamke wa Kisukuma akajipakulia kwanza? Majirani watasemaje?"

"Mama, wewe umefuga," Ishrat alisema. "Maksai wa kulima mlikuwa mkimlisha lini?"

"Swali gani hilo? Kabla hujamfunga jembe. Na akirudi, tena. Maksai ukimlimisha na njaa, analala kwenye tuta haamki."

"Na mkulima akila vizuri, maksai anashiba?"

Machibya alitazama sahani yake, hakuweza kutia tonge mdomoni. Miaka sita amekula sahani ya pili, na hata siku moja hakuuliza jikoni kumebaki nini.

"Hata mimi nilikula ukoko," mama mkwe alisema taratibu. "Miaka arobaini. Watoto saba. Nilidhani ndiyo heshima." Akainuka kwa kushika magoti, akaenda jikoni mwenyewe. Akarudi na sahani iliyojaa, akaiweka mbele ya Tereza. "Kula, mayu. Nikuone."

Tangu siku hiyo chakula kilipakuliwa kwa wote kwa wakati mmoja, na aliyefanya kazi nzito aliongezwa. Tereza alikula ugali au wali wa kushiba, maharage, mboga za majani, na dagaa wa ziwani wanaoliwa na mifupa yao. Alikunywa maziwa mgando kila siku. Alipoanza mazoezi mepesi hakutoka tena na chai tupu. Alikula ndizi au kiazi kwanza, na akirudi alikula kabla ya kufua. Ndoo za maji alichota Machibya. Wanaume wa bombani walimcheka. "Shemeji, leo zamu yako?" Naye akawajibu, "Na kesho pia."

Haikuwa rahisi. Wiki nane hakukimbia hata hatua. Mara nyingine aliamka akiogopa kukanyaga. Mwezi wa nne tangu aanze kushiba, siku zake zikarudi. Alimwambia Ishrat, Ishrat akapiga makofi. Mama mkwe alipiga makofi pia, kisha akanung'unika, "Kwa hiyo mjukuu hakuna?"

"Sasa ndiyo anaweza kuja, mama, akitakiwa," Ishrat alimjibu.

Miezi kumi na moja baada ya Jumamosi ile palikuwa na mbio za nusu marathoni jijini. Tereza alisimama kwenye mstari wa kuanzia. Kilomita ya kwanza aliusikiliza mguu. Ya tano aliusikiliza. Ya kumi akasahau. Karibu na Buzuruga walibaki watatu mbele, naye ni wa pili. Watu walijaa pembeni wakipiga filimbi. Machibya alikuwa amembeba Winnie mabegani, mama mkwe ubavuni mwao amefumba macho kwa woga.

"Mwambie bibi afumbue," Machibya alimwambia mtoto. "Mwambie unaona nini."

Winnie alimtazama mama yake akipita. Akaitazama miguu yake, mmoja, na mwingine.

"Mama hachechemei," alisema.