Mahindi Yaliyomsubiri Afisa

Jirani yetu Eunike anadai mkulima mwenzetu Boazi alipata kifuta jasho kwa sababu alimhonga afisa jogoo. Anasema alimwona akishuka Karatu mjini na jogoo mwekundu kikapuni. Baadaye serikali ikamlipa kwa mahindi yake yaliyoliwa na tembo.

"Nyinyi kaeni tu bila jogoo," alimwambia mama.

Mama aliamini. Mwaka juzi tembo walitoka msituni wakalaza mahindi yetu. Tukafanya kama tunavyofanya kila tukishavuna. Tulimwita Ngoyai, mfugaji, ng'ombe wake wale mabua, naye atuletee maziwa. Afisa wa wanyamapori alipokuja alikuta kwato na mavi ya ng'ombe.

"Sasa tembo nimwandike wapi hapa?" aliuliza, akaondoka. Mwaka ule mimi na mama tulilima vibarua kwenye kahawa za watu ili tule.

Mimi sikuridhika. Nilimfuata Boazi, nikamkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, Baba Inosenti. Eti ulipeleka jogoo?"

"Marahaba." Alicheka mpaka akakohoa. "Jogoo nilimuuza sokoni, nikanunua sabuni."

"Sasa ulifanyaje?"

"Asubuhi ileile nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Shamba sikuligusa. Nyayo ziache, kinyesi kiache, mabua yaache. Wakija wapime mbele yako. Usisaini kabla hujasoma walichoandika, na uombe nakala. Tembo wenyewe usiwafukuze, watakuua."

"Watalipa magunia yote?"

"Aa, wapi. Ni kifuta jasho, si fidia. Tena kinachelewa. Lakini mbegu utanunua."

Nyumbani nilimweleza mama yote. Mwaka jana, mwezi wa saba, tembo wakarudi. Kulipokucha nilikuwa mlangoni kwa mtendaji. Niliporudi nilimkuta mama amesimama mpakani mwa shamba na fimbo. Mbele yake alikuwa Ngoyai na ng'ombe wake, mbavu zinahesabika.

"Yeyo," Ngoyai alisema. Humwita mama hivyo, kama mama yake mzazi. "Mahindi yameshalala. Unamwekea nani?"

"Namwekea afisa."

"Afisa naye anakula mabua?"

"Anayapima. Akimaliza, yote yako."

"Ng'ombe hawajui habari za fomu, yeyo."

"Mimi ninazijua. Warudishe."

Ngoyai alisonya, akawageuza. Siku mbili mama alishinda pale. Eunike akipita anasema, "Mama Lightness, unalinda takataka."

Siku ya tatu alikuja afisa yuleyule, Emilian, pamoja na mtendaji. Walipiga picha nyayo pana kama sinia. Walipima, Emilian akaandika ekari moja. Nikaisoma fomu.

"Afisa, ng'ambo ya korongo hujafika," nilimwambia.

Tukavuka. Ikawa ekari moja na nusu. Ndipo mama akasaini, nami nikachukua nakala. Jioni ile Ngoyai aliingiza ng'ombe wake, na kesho yake akatuletea kibuyu cha maziwa.

Kifuta jasho kilichelewa kweli, lakini kilifika kabla ya kupanda. Tulinunua mbegu. Eunike sasa ananiuliza mtendaji anafungua ofisi saa ngapi.

Siku ya malipo mama alimsogelea Emilian, akamshika mkono.

"Mwanangu, na yale mahindi ya mwaka ule wa ng'ombe? Wewe mwenyewe ulikuja, uliona shamba lilivyokuwa. Huwezi kutuandikia hata nusu ekari?"

Emilian alitazama viatu vyake. Mama hakumwachia mkono.