Mkate Niliomlisha Cibalonza

Mke wangu alikuwa hawezi kula mkate, na mimi kazi yangu ilikuwa kuoka mikate.

Akila, tumbo linavimba, halafu anaharisha mpaka anashika ukuta wa choo. Maziwa vilevile. Karanga ndizo zilikuwa mbaya zaidi: midomo inafura kama mtu aliyepigwa. Vingine vyote alikula vizuri, bugali ya muhogo, maharagwe, mboga za lengalenga, ndizi. Shida ni kwamba tulikaa nyuma ya tanuru langu pale Nyawera, mjini Bukavu, na mama yangu alikuwa na ng'ombe kule Walungu.

Mwaka ulikuwa 1977, siku ya Jumapili. Watu walikuwa wametoka misa ya kwanza na mstari wa wateja ulifika barabarani. Katikati ya mstari alisimama Georgette, mke wa Apollinaire, yule mwenye tanuru lingine upande wa juu. Hakuwa hata na kikapu.

— Cibalonza, na weye haukuli mukate ya bwana yako?

Mke wangu alikuwa anafunga mikate kwenye magazeti.

— Nilikula tayari.

— Ulikula nini?

— Viazi ya jana.

— Mumesikia? Boulanger iko na mikate ya kujaza camion, muke yake anakula viazi ya jana. Miye nikikuwa muke ya boulanger na sikuli mukate, ni kwamba najua kitu bwana anatia ndani.

Watu walicheka. Mzee mmoja aliweka mkate wake mezani polepole.

— Papa Venant, utanisamehe. Nitapita kesho.

Mama yangu alikuwa amekaa mlangoni. Alifika jana yake na kibuyu cha mashanza, maziwa yetu ya kuganda, akakibeba kichwani toka Walungu kwa ajili ya mkamwana wake. Alipoona watu wanacheka, na yeye akafungua kinywa.

— Na kibuyu yangu? Tangu jana iko pale, hakuna mutu amefungua. Cibalonza, mutoto wangu, unaogopa nini? Unaogopa karuho?

Karuho ni ile sumu mtu anakutilia kwenye chakula huku anacheka na wewe. Kwetu, kukataa chakula cha mtu ni kumwambia kwamba yeye ni muuaji. Na mama alilitamka neno hilo mbele ya watu arobaini.

— Hapana, mama. Siwezi kukuwazia ile. Ni tumbo yangu.

— Tumbo yako inachagua miye peke yangu?

Mimi nilijua ukweli. Mwaka uliotangulia Cibalonza alienda kwao Kabare kwenye matanga, akakaa mwezi mzima akila chakula cha shamba, akarudi na mashavu. Juma moja la mkate wangu, mashavu yakaisha. Akaniambia: "Venant, ni mukate. Na maziwa. Nimejaribu mara tatu." Nikamjibu: "Mukate njo inakuvalisha," yaani ndio unaomvisha. Hakurudia tena kuniambia.

Kitu kingine, alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Hicho nacho nilijua.

Nilichukua mkate wa moto, nikaupasua, nikachovya nusu moja kwenye mashanza ya mama.

— Kula.

— Venant.

— Kula hapa, waone.

— Unajua vile itanifanya.

— Najua vile unanifanya miye.

Alitazama mkate, akanitazama mimi, akala. Georgette hakuridhika.

— Na ile nusu ingine?

Cibalonza alinyoosha mkono mwenyewe.

— Lete.

Alikula mpaka mwisho, akafuta midomo, akaendelea kufunga mikate ya watu. Yule mzee alirudi kwenye mstari. Siku hiyo mikate iliisha kabla ya saa nne.

Mchana nilimsikia chooni. Nilisimama nje ya mlango wa mabati.

— Cibalonza.

— Usiingie.

— Nikuletee maji?

— Enda uuze, Venant.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi niliona mikate imeisha kabla ya saa nne, basi Jumapili iliyofuata nikafanya vilevile. Na ya tatu. Watu walizoea. Wengine walikuja mapema ili wamwone mke wa boulanger akila. Georgette alikosa la kusema, na Apollinaire akapunguza unga.

Jumapili ya nne, kabla sijafungua mlango, Cibalonza alinishika mkono.

— Leo tuache.

— Watu wako nangoja.

— Na huyu wa ndani, yeye anangoja nini?

— Acha maneno. Ni mukate, haiko risasi.

Siku hiyo nayo alikula. Jumapili ya tano aliamka, akavaa kitenge chake kizuri, akatembea kuja mbele. Hakufika mlangoni. Alianguka kati ya magunia ya unga. Mteja mmoja alitupakia kwenye camionnette yake, gari dogo la mizigo, mpaka hospitali, na mimi nilikaa nyuma nimemshika kichwa, uzito wake kama wa mtoto wa shule.

Siku ya pili muuguzi alitoka akanikuta kwenye benchi.

— Papa, mutoto hayuko tena.

— Na mama yake?

— Mama yake iko. Lakini hana damu. Huyu mama anakula nini kwenu?

Daktari hakusema ni mkate. Hakusema pia si mkate.

Alipopata nguvu ya kusimama, kaka yake Honoré, muuguzi wa misheni kule Shabunda, alikuja kumchukua na ndege ndogo ya mapadri. Mimi nilikuwa kwenye tanuru. Nilipofika hospitali jioni nilikuta kitanda kimetandikwa na kipande cha gazeti, lile tunalofungia mikate, kimeandikwa pembeni:

"Venant, sikukukatalia kitu. Ulitaka watu waone, na waliona. Usinifuate. Cibalonza."

Nilirudi nikaoka. Wateja wakauliza, "Maman iko wapi?" Nikasema, "Ameenda kusalimia." Niliwaambia hivyo wiki tano, nikiangalia meza.

Siku moja Modeste, mteja wangu anayeosha chupa kwenye maabara ya Lwiro, alibaki nyuma watu wote walipoondoka.

— Papa Venant, muke yako akikula mukate anavimba tumbo, anaharisha, anakonda?

— Nani alikwambia?

— Hakuna mutu aliniambia. Tulikuwa tunaangalia, si uliionyesha weye mwenyewe? Sikiya. Kuko docteur anapita pale kwetu, anasoma mambo ya vyakula. Kama hauone haya, nitakupeleka.

Niliona haya, na nilienda. Daktari alikuwa mtu mpole, akaniita citoyen, yaani mwananchi, kama serikali ilivyotaka wakati ule. Aliniuliza mpaka mambo ya choo, na mimi nilimjibu nikitazama viatu vyangu.

— Citoyen, sijamuona huyu mama, siwezi kukata neno. Lakini vile unanieleza, kuko watu mwili yao inakataa ngano. Ndani ya ngano kuko kitu inaitwa gluten, njo inafanya mukate yako ivutike. Kwa wale watu inachubua matumbo. Matumbo ikichubuka, na maziwa inashindwa kupita. Karanga ni jambo ingine, ile inaweza kumufunga pumzi. Asijaribu hata moja.

— Dawa yake?

— Kuacha.

— Kuacha tu?

— Tu.

— Hata kidogo, dimanche, siku ya misa?

— Hata ostia, citoyen. Hata bière ya chupa.

Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa anabaki kwenye benchi wakati wa komunyo, na mimi nikimuuliza njiani ana dhambi gani.

— Munalala wapi? daktari akauliza.

— Nyuma ya tanuru.

— Unga inaanguka kwenye sufuria yenu?

— Inaanguka mpaka kitandani.

Aliweka kalamu chini.

— Basi hata siku hakukula, alikula.

Toka Lwiro nilipanda mpaka Walungu kwa mama. Nilimkuta anakamua.

— Mama, Cibalonza hakukuogopa. Ni mwili yake inakataa. Docteur amenieleza.

Aliendelea kukamua kidogo, halafu akaacha.

— Ulijua?

— Nilijua.

— Nilimutukana karuho mbele ya watu, na weye ukanyamaza. Kumbe njo nilikuwa namulisha sumu?

— Ni miye nilimulisha, mama.

— Maziwa ilikuwa ya nani?

Mama alichukua ndoo, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mji wa Shabunda haukuwa na simu. Kulikuwa na phonie, redio ya misheni, na paroko wetu aliwatumia neno wamlete Cibalonza, akanikubalia niitumie saa nane mchana. Aliyeiendesha aliitwa Jean-Marie.

— Unabonyeza hapa, unasema, ukimaliza unasema "à vous", mwenzako anajibu; ya mwisho kabisa ni "terminé". Na ujue, misheni zote ziko nasikia. Kamituga, Mwenga, wote.

— Hakuna namna ya kuongea pembeni?

— Papa, hii ni phonie, haiko kitanda.

Nilibonyeza.

— Cibalonza, ni Venant. À vous.

Redio ilikoroma muda mrefu.

— Nakusikia. À vous.

— Nilitaka kujua hali yako. À vous.

— Nakula muhogo na samaki ya mutoni. Siharishi tena. À vous.

Jean-Marie alijifanya anatazama dirisha.

— Rudi nyumbani. À vous.

— Ulinilisha mbele ya watu, Venant. Basi na weye semea mbele ya watu. À vous.

Nilishika kile kidude cha kubonyeza, sikukibonyeza. Sauti ya mwanaume nisiyemjua ikaingia:

— Hapa Mwenga. Papa wa Bukavu, tunakusikia. Sema haraka, tuko na mugonjwa ya kutangaza.

Nikasema.

— Muke yangu hawezi kula mukate. Hajamuogopa mama yangu hata siku moja. Aliniambia ni mukate, na nilijua. Nilimulisha dimanche ine mbele ya wateja juu mikate iuzwe. Alikuwa na mimba, nayo nilijua. Watu walisema ndani ya mukate yangu kuko sumu. Kwake ilikuwa sumu, na miye njo nilimupa na mukono yangu. À vous.

Jean-Marie aliacha dirisha, akanitazama.

— Sitarudi kwenye nyumba ya unga, Cibalonza akasema. À vous.

— Nitauza tanuru. À vous.

— Utakula nini? À vous.

— Chenye unakula weye. À vous.

— Uza kwanza. Ukishauza, uniite. Terminé.

Mtu wa kununua tanuru alikuwa mmoja tu, Apollinaire. Alikuja na mkewe kulitazama. Georgette alizunguka matofali, akagusa mlango wa chuma, mwishowe akaja karibu yangu.

— Papa Venant, kumbe ilikuwa ugonjwa.

— Ilikuwa ugonjwa.

— Miye nilikuwa nacheka tu. Sikujua.

— Miye nilijua.

Alifunga kitenge chake vizuri, akarudi kwa mumewe.

Nilipanga vyumba viwili mtaa wa Kadutu. Nilisugua kuta, nikatupa godoro, nikatupa sufuria za zamani, nikanunua mpya na mwiko mpya wa bugali. Nguo zangu za kazi nilizichoma. Halafu nikarudi kwa Jean-Marie, nikabonyeza, nikasema: "Nimeuza. À vous." Cibalonza akajibu: "Nimesikia."

Alishuka Kavumu, kwenye uwanja wa ndege, siku kumi na mbili baadaye, na ile ndege ndogo. Alikuwa amenenepa. Mashavu yalikuwa yamerudi, na mimi niliona aibu kuyafurahia. Hakunisalimu. Alichukua mikono yangu yote miwili, akaigeuza, akatazama chini ya kila kucha, akanusa vidole.

— Hakuna unga, nikasema.

— Niache nione mwenyewe.

Aliangalia mpaka akamaliza.

— Nyumba iko wapi?

— Kadutu, kule juu.

— Sufuria?

— Mupya.

— Leo nani anapika?

— Miye.

— Unajua kusonga bugali?

— Najua kuoka.

Alitazama pembeni, nikaona anazuia kicheko.

— Basi nitasonga. Weye utaosha. Na Venant, usinishike sasa. Nitakwambia siku.

— Nitangoja.

— Utangoja, ndiyo.

Nilingoja mpaka Pasaka.

Tumekaa pamoja tangu siku ile, na leo yuko hapa, anachambua maharagwe. Kile ulichogharimu ule mkate ni hiki. Tanuru moja, nililolijenga kwa mikono yangu miaka miwili. Kazi ya watu wawili waliokuwa wanakanda unga pamoja nami. Mama alikaa miaka mitatu bila kuvuka mlango wangu, na alipovuka alikuja mikono mitupu, bila kibuyu. Mimi sasa nauza muhogo uleule unaouzwa na kila mtu. Jumapili zilikuwa nne. Cibalonza anasema tano, kwa sababu ile ya tano aliamka akavaa, na mimi sibishani naye. Mtoto mmoja. Hatukupata mwingine.