Kisabo Kinalala

Munguakonkwa, mpimaji wa koli, yaani mizigo ya kutumwa, kwenye ajansi moja ya meli ziendazo Bukavu, ana fumbo ambalo hadi leo hajalifumbua. Mwanamke mmoja alimletea katoni aliyoifunga vizuri kwa utepe wa skochi. Mizani ya ajansi ikaonyesha kwamba katoni ile ni nzito kama mtoto anayetambaa. Mwanamke akasonya, akatoa mkobani mizani yake mwenyewe, ile ya ndoano, akaitundika katoni mbele ya watu wote ili amwaibishe. Mizani yake ikaonyesha vilevile. Asubuhi hiyohiyo, nyumbani kwake Majengo, ndoano ileile ilikuwa imeinua katoni ileile kama inainua kofia.

"Mama Igihozo, umetia mawe?" Munguakonkwa aliuliza.

"Mawe njo yako mu kichwa yako, papa. Hiyo mizani yenu inakulaka batu."

"Na hiyo yako? Nayo inakula?"

Watu wakacheka. Bénita Uwingabire, ndilo jina la huyo Mama Igihozo, hakuzoea kuchekwa.

"Kuko nini ndani?"

"Kisabo. Tupu."

"Tupu?"

"Tupu! Nikuambie mu Kifaransa njo utasikia?"

Katoni, iliyokuwa bado inaning'inia kwenye ndoano, ikashuka kidogo zaidi. Bénita aliona. Akaichukua, akaibeba mpaka barabarani huku mgongo umempinda.

Bénita aliuza vitu vya okazyo, vilivyokwisha kutumika, kwa simu: sufuria, pasi, vitanda vya watoto, vinyago. Alivinunua kwa watu waliobanwa, akavipiga picha, akavifunga, akavipima, akavituma. Aliwadharau waliouza kwa kuwa wanauza, na walionunua kwa kuwa wananunua. Si kwamba alizaliwa hivyo. Kazi ile humfundisha mtu kutafuta ufa katika kila kitu, na anayetafuta ufa kutwa nzima huishia kuuona hata kwenye nyuso za watu.

Kile kisabo, kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, alikinunua Kibati, kwenye mahema ya watu waliokimbia vita Masisi. Mwenyewe alikuwa bibi kizee aitwaye Mukantwari, aliyekuwa na ng'ombe zamani na sasa alikuwa na turubai. Bénita alikigeuza kisabo juu chini, akakigonga kwa kucha.

"Tupu," alisema. "Kitu ya kukamatia vumbi."

"Mama," yule mzee alimjibu taratibu, "ku kisabo hatusemagi ile neno. Tunasema kinalala."

"Kinalala!" Bénita akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi kitalala mu katoni. Muko Bukavu mwenye hoteli anataka kukitundika ku ukuta. Mutakufa na njaa na adabu zenu."

Mukantwari alipokea alichopewa, akakipangusa kibuyu kwa ncha ya kitenge chake, kama mtu anayempangusa mtoto pua kabla ya safari.

Sasa, alasiri ile ya kutoka ajansi, Bénita alikata skochi akiwa na hakika kwamba kuna mtu amemchezea. Ndani mlikuwa na magazeti yaliyokunjwa, matambara, na kisabo. Alikitingisha. Kikavu. Alikitundika kwenye ndoano, kikawa chepesi. Ila chumba kizima kilinuka maziwa, si ya kuganda wala ya pakiti, bali maziwa ya moto yaliyokamuliwa sasa hivi, yenye harufu ya moshi na nywele za ng'ombe, ilhali katika uwanja ule wote hakukuwa hata na mbuzi.

Igihozo, mwanawe mchanga, akalia. Bénita akamweka kifuani. Mtoto akavuta, akavuta tena, akaachia, akamtazama mama yake kwa mshangao kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayoijua akakuta imehamwa.

Jioni Rémy, mumewe, aliporudi na pikipiki yake ya kubebea abiria, alimkuta anambembeleza mtoto kwa maji ya sukari.

"Umekulaka leo?" aliuliza.

"Nimekula. Maziwa haitoke, Rémy. Jana yalikuwa yanamwagika mpaka ku nguo."

"Na hii harufu?"

Kabla hajajibu, katoni ikasikika. Chwa. Kimya. Chwa. Kimya. Ulikuwa mlio wa maziwa yanayosukwa na mtu asiye na haraka. Rémy, mwana wa wafugaji, aliutambua mara moja, akacheka kicheko cha mtu anayetafuta mlango.

"Panya," alisema.

"Panya inasuka maziwa?"

Bénita akaisogelea katoni, na kwa kuwa woga haukuwa umemtoa bado dharau mdomoni, akaipiga teke na kusema, "Mbona uko tupu weye?" Hapo ndipo, kutoka mle ndani, kwa sauti yake yeye mwenyewe, kwa kusonya kwake yeye mwenyewe, kwa ule mvuto wa neno aliouzoea anapomrudishia muuzaji sufuria yake, kitu kikamjibu, "Tupu," na papo hapo akahisi kifua kikinywea kama mfuko uliotobolewa, upande wa kushoto kwanza, halafu wa kulia, na Igihozo, aliyekuwa mikononi mwa baba yake, akanyamaza ghafla na kugeuza shingo kuelekea kwenye katoni, akichezesha midomo.

Watu wa chumba cha maombi walikuja kesho yake. Walikizunguka kisabo, wakapaza sauti mpaka majirani wakapanda juu ya mawe ya uzio kutazama. Kiongozi wao alipiga mguu chini, akanguruma, "Jini, toka! Uache hii kibuyu tupu!" Waliokuwa wamekiinua walikiangusha mara moja kwa uzito. Kisha kikamrudishia, kwa sauti ya yule kiongozi, mkwaruzo wa koo lake pamoja, "Tupu." Wakakumbuka wana maombi mengine Keshero. Mmoja alisahau kiatu.

Igihozo hakukubali chupa wala kijiko. Kila alichopewa alikitema, akaelekeza uso kule kwenye kisabo. Utosi wake ulianza kubonyea. Ndipo Rémy alipowasha pikipiki bila kuomba ruhusa, Bénita akapanda nyuma akiwa na mtoto, kisabo kimefungwa katikati yao, wakaelekea Kibati.

Mukantwari aliwasikiliza akiwa amekaa kwenye dumu la maji. Hakuonyesha furaha ya mtu aliyelipiziwa kisasi.

"Uliniita mwenye njaa, sikukasirika," alimwambia Bénita. "Ni kweli. Lakini huyu ulimwamsha."

"Ni jini, muzee?" Rémy aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwite vile munamuitaka kwenu. Sisi tulimkuta mu hii kisabo, na bibi yangu alimkuta. Ukisema kinalala, analala. Ukisema ile ingine, anaamka kutafuta kya kujaza."

"Kichukue tena, mama," Bénita alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Ninakuomba. Nilikudharau."

"Siwezi. Nilishakula bei yake. Kitu umekula bei yake, hakirudi mu mukono yako."

"Basi nitakichoma," Rémy akasema.

"Choma. Maziwa ya mutoto wako iko ndani."

Wote watatu wakamtazama mtoto. Alikuwa halii tena.

Yule mzee akaeleza la kufanya. Kisabo kikae nyumbani mwao, kwenye khanga safi, kisifungwe katika katoni wala kuuzwa tena. Kila jioni mtu akipakate, akisuke polepole, akiambie kinalala. Lakini asiwe Bénita. Kinywa kilichoamsha hakiwezi kulaza.

"Nani hajasema ile neno?" aliuliza.

Rémy alikuwa amecheka, alikuwa amesingizia panya. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka. Akaangalia mikono yake yenye mafuta ya mnyororo. Kwao Masisi, mwanamume kusuka maziwa ni jambo la kuimbiwa kwa kejeli kwenye harusi miaka kumi. Akakaa chini, palepale, mbele ya wanawake wa mahema waliokuwa wameanza kumcheka, akakipakata.

"Kinalala," alisema. "Kinalala. Kinalala."

Chwa, kisabo kikaitika. Baadaye kidogo kifua cha Bénita kikauma, kitenge kikalowa, na Igihozo akashika titi.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na Rémy ndiye anayetekeleza. Jua likielekea kuzama huegesha pikipiki, hunawa, hukaa kizingitini na kisabo mapajani. Wanaume wa Majengo humpigia miluzi, humwita Mama Rémy, naye huendelea kusuka. Bénita hukaa kando yake akinyonyesha, mdomo kaufumba. Mtoto sasa ananenepa vizuri. Lakini akimaliza kusuka, Rémy hukiinua kisabo kwa mikono miwili, taratibu, goti moja likiwa chini, kwa sababu kila wiki mtoto anapoongezeka uzito, chenyewe kinamzidi.