Nyotamkia Inayopumzika Jumanne

"Vuta pumzi, dada. Vuta tena!"

Zipu iligoma. Leo Jumatano, harusi Jumamosi, na gauni limemkaba bibi harusi mbavu hadi macho yanamtoka.

"Mdogo wangu, hivi ulinipima kweli?"

"Nilikupima. Umenenepa tu, mawazo ya kazi hayo." Fundi, mtoto wa mama yake mdogo, waliyelala naye kitanda kimoja utotoni, aliongea na pini mdomoni. "Jana ningekuongezea nafasi, ila unajua Jumanne sifungui."

Bibi harusi akaomba radhi kwa kunenepa. Ndiyo, aliomba radhi, maskini ya Mungu!

Kazini nako hakukuwa na nafuu. Walimwita Bi Hesabu, maana ndiye aliyekokotoa njia ya nyotamkia, ile nyota yenye mkia inayorudi karibu na jua kila baada ya miaka sita. Chombo cha kwenda kuipiga picha kwa karibu kilikuwa tayari huko angani, na saa sita mchana huu kilitakiwa kupewa amri ya kugeuka. Kikigeukia siko, ndiyo imetoka hiyo.

"Mwezi mzima hesabu zako zinayumba," Mkuu wa kituo cha anga alimwambia mbele ya watu. "Saa sita nataka njia moja iliyonyooka. Ukishindwa, kabidhi ofisi."

"Mchumba wangu anasema ni gesi, Mkuu. Jua likiipasha inafuka, inajisukuma ovyo."

"Macho kazi yake ni kupiga picha. Hesabu ni zako."

Macho ndiye huyo mchumba, mwenye zamu ya darubini kule kilimani. Kila asubuhi alimtumia picha za usiku, na kila hesabu zilipogoma alimpapasa bega: "Kama si gesi, kubali tu umekosea, mpenzi."

Naye alikubali, mwezi mzima.

Safari hii akazipanga picha zote mezani, siku kwa siku. Jumatatu nyotamkia inakwenda vizuri. Jumanne imesimama. Jumatano inakimbia kama iliyochelewa kazini. Wiki ya pili vilevile, ya tatu vilevile, ya nne vilevile.

"Gesi gani hii yenye ratiba?" akajiuliza kwa sauti.

Ndipo alipoyaona madoa. Kioo cha kamera ya darubini hupanguswa vumbi kila Jumanne mchana. Picha za Jumatatu zilikuwa na madoa, za Jumatano safi. Za Jumanne usiku, ambazo zilipaswa kuwa safi, zilikuwa na madoa yaleyale ya Jumatatu. Zilikuwa picha za Jumatatu, zimebadilishwa tarehe tu.

Akakumbuka pini mdomoni. *Unajua Jumanne sifungui.* Akaandika ujumbe kwa fundi, wa uongo mtupu:

"Macho ameniambia yote kuhusu Jumanne."

Jibu halikuchukua dakika.

"Dada nisamehe!! Aliniambia harusi mnaahirisha. Gauni nilikuwa najipimia tu."

Bi Hesabu akacheka, kicheko kibaya kilichoishia kwenye machozi. Alipomaliza kujifuta akampigia Macho.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Kwenye darubini mpaka asubuhi, mpenzi. Picha hujazipata?"

"Nimezipata za juzi. Na mdogo wangu ameshasema."

Macho akashusha sauti.

"Sikiliza. Ukinitaja nafukuzwa leo leo. Wewe sema ulikosea hesabu, watakusamehe, umeshazoea kukosea. Jumamosi nakuoa, yaishe."

"Mwezi mzima umeniacha nitukanwe."

"Sasa ningefanyaje? Mmoja wetu ilibidi atukanwe."

"Asante, Macho. Simu iko spika. Mkuu yuko hapa mlangoni."

Mkuu alikuwa amekuja kudai njia yake. Akaichukua simu. "Kijana, shuka kilimani. Ufunguo mwachie mlinzi."

"Mkuu, subiri! Mpenzi, mwambie! Na sisi je?"

"Nyinyi nani? Nakufuta pamoja na Jumanne zako zote."

Akazifuta kweli, moja baada ya nyingine, na zilipotoka zote njia ikanyooka. Saa sita kasoro dakika tano amri ikaenda, chombo kikageuka. Mkuu alikohoa, akasema, "Kazi nzuri," akaondoka bila kuomba radhi.

Jioni ujumbe ukaingia kutoka kwa fundi.

"Dada, nina aibu. Hili gauni sasa nilifanyeje?"

Bi Hesabu akaandika polepole, akasoma mara mbili, akatuma:

"Livae, si ulilishona kwa kipimo chako? Watu wote wameshaalikwa. Bwana harusi hana kazi tena, kwa hiyo utamfaidi hata Jumatatu."