Abee ya Marion

Wimbo ulikuwa na shimo. Priscilla, mzaliwa wa Mombasa anayeogesha wazee wa watu huko Lewisham, aliligundua siku ya kwanza binti yake alipoimba redioni. Kinanda kinalia, ngoma inanyamaza kwa pumzi moja, halafu Marion anaimba: "Abee!" Waingereza wakasifu, eti umetoka rohoni. Watajua nini cha roho, chai yenyewe hawajui kuichemsha?

"Neno hilo umeliokota wapi?"

"Kwako, mami. Nyanya akikuita kwenye simu. Lina sauti poa."

Poa! Kiswahili chake ni cha kuombea chapati tu, naye amechukua jibu la mwanamke aliyeitwa, akaliweka mahali ambapo hakuna aliyeita.

Wiki ya pili jikoni kukanuka udi, na mle ndani hakuna hata chetezo. Wiki ya tatu, mchana kweupe, Priscilla akimenya vitunguu, wimbo ukafika kwenye kimya kile, na sauti ya mwanamume, nzito, karibu kama ya mtu aliyeegemea friji, ikaita, "Marion." Redio ikaitika abee, na Marion mwenyewe kule bafuni akaitika pia, ila kwa mkwaruzo, maana kila wimbo ulipopigwa sauti ya redioni ilizidi utamu na ya kooni mwake ilizidi kukauka, na daktari alikwisha chungulia asione kitu.

"Unamsikia?" Priscilla alinong'ona mlangoni.

"Kila siku. Ananiita vizuri."

"Mjinga wee! Jini halina hata suruali, likuite vizuri! Kesho jukwaani likikuita, fumba mdomo. Ukiitika tena sauti imekwenda, na wewe nyuma yake."

Kesho yake alasiri ukumbi wa Croydon ulifurika. Priscilla akajibana mbele kabisa. Kinanda kikalia, ngoma ikanyamaza, udi ukapanda mpaka ukawasha macho, jina likaitwa polepole kama mtu anayeonja asali, na Marion akauma midomo, damu ikimchirizika kidevuni, asiitike.

"Toka, mwanaharamu mkubwa!" Priscilla alifoka. "Hapa huna wa kukujibu!"

Basi wale watu elfu mbili, bia mikononi, wakadhani mwimbaji amesahau maneno yake. Wakamsaidia.

"Abeee!"

Wanaume wazima wenye ndevu nao wakaitika kike, wakachekelea.

Marion akakohoa mara moja, na sauti yake ikarudi, safi. "Mami! Limeniacha!"

Priscilla akashusha pumzi, akawatazama wale wapumbavu wanaoitika wasijue anayewaita ni nani. Kando yake mwanamke mmoja wa Kizungu akaacha kupiga makofi. Akageuza shingo kuelekea pasipo na mtu, akatabasamu, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Marion:

"Nakuja, bwana wangu."