Tangi la Nguzo ya Sabini na Moja

Mpira wa rejeta ulipasuka saa tatu asubuhi, gari likiwa chini ya nguzo ya hamsini na mbili, na Dereva akafanya kosa ambalo angemgombeza nalo mtu mwingine yeyote: alifungua kifuniko kabla injini haijapoa. Maji ya moto yalimrukia mkono mzima, kiganja hadi kiwiko. Alipiga yowe moja tu, kisha akakaa kwenye vumbi.

Mkaguzi alimmwagia nusu ya maji yao ya kunywa. Alikuwa mdogo wa mke wa Dereva, na kazi yake ilikuwa kutembea chini ya nyaya za umeme mkubwa, nguzo kwa nguzo, akiandika daftarini kila alichokiona: mti ulioinamia waya, chuma kilicholegea, matangi ya maji waliyowekewa mafundi. Nyuma yao palikuwa na kilomita sitini za nyika tupu. Mbele, kituo cha umeme kilikuwa nguzo ya tisini na nne. Simu hazikushika mtandao, na chupani ilibaki lita moja.

"Tukikaa hapa watatutafuta kesho," alisema Dereva. "Maji ya karibu yako wapi?"

Mkaguzi alifungua daftari. "Sabini na moja. Tangi limejaa."

"Una uhakika, shemeji?"

"Kwani huu si mwandiko wangu?"

Mwandiko ulikuwa wake, hilo halina ubishi. Miguu yake ndiyo iliyokuwa haijafika sabini na moja kwa miezi minne. Wayo wa kushoto ulianza kumuuma hivi hivi tu, hakujikwaa wala hakuanguka. Kwanza ilikuwa asubuhi, akishuka kitandani. Kisha ngazi za ofisini. Kisha akaacha mbio za Jumamosi, akisingizia shughuli. Hospitali walimpiga picha, wakaona mfupa mzima, wakampa dawa ya kuchua na kumwambia apumzike. Apumzike vipi, mtu anayelipwa kutembea? Ofisini asiyeweza kutembea hupelekwa ghalani kuhesabu misumari. Akanyamaza. Kila mwezi alisimama mlimani penye nguzo ya sitini, akatazama kwa darubini, na yaliyobaki akayanakili kutoka ukurasa wa nyuma. Limejaa. Limejaa. Limejaa. Hii ilikuwa mara ya kwanza shemeji yake kupangiwa gari lake, kwa hiyo hakuyajua.

Alijiambia tangi haliwezi kwenda popote. Wakaacha karatasi kwenye kioo cha gari, wakaondoka.

"Unachechemea," alisema Dereva walipofika hamsini na nane.

"Kiatu kipya."

"Hicho? Hicho kiatu nakijua kuliko ninavyomjua dada yako."

Alicheka, akaacha kucheka, maana mkono ulianza kutoa malengelenge makubwa. Jua likapanda. Walikunywa kifuniko kimoja kimoja, kila baada ya nguzo tatu. Kila hatua ilimchoma Mkaguzi kisiginoni hadi kwenye goti, lakini aliogopa zaidi kilichokuwa mbele.

Tangi lilikuwapo. Lilikuwa limelala ubavu, limepasuka chini, na ndani mlikuwa na majani makavu na mjusi. Dereva aliingiza kichwa, akakitoa polepole. Midomo ilikuwa imepasuka na macho yamezama.

"Mwezi uliopita lilikuwa limejaa?"

"Sijui. Sikufika."

"Uliandika."

"Nilinakili. Mguu unaniuma, shemeji. Miezi minne nanakili. Nisamehe."

Dereva hakumfokea, na afadhali angefoka. Alikaa kwenye kivuli cha tangi akauweka mkono mapajani. "Mimi nimefika mwisho," alisema. "Nenda wewe."

Mkaguzi alimwachia funda la mwisho. "Usihame hapa."

Nguzo ishirini na tatu. Kwenye sabini na sita alichana mguu wa suruali, akaufunga wayo ndani ya kiatu hadi vidole vikafa ganzi. Alikanyagia ukingo wa nje, akaanguka, akainuka. Penye themanini na tatu kitu kilikatika ndani ya mguu, akakisikia kwa masikio yake. Akalia kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumwonea haya. Alivunja tawi akaliegemea, na lilipomshinda akatambaa, mikono ikichubuka kwenye changarawe. Hakuuwaza mguu. Aliwaza atamwambia nini dada yake.

Jua lilikuwa bado halijazama mlinzi wa kituo alipoona kitu kinatambaa nje ya uzio.

"Mtu yuko sabini na moja," alisema Mkaguzi. "Pelekeni maji kwanza."

Walimkuta Dereva hajitambui, lakini anapumua.

Asubuhi walikuwa hospitalini kwenye vitanda viwili vinavyotazamana, Dereva na dripu, Mkaguzi na plasta ngumu. Daktari alisema mfupa ulikuwa na ufa mwembamba tangu zamani, wa aina inayoweza kuponyoka kwenye picha ya kwanza. Miezi minne ya kuukanyagia ndiyo iliyoumaliza.

Dada aliingia akiwa bado na sare ya kazini. Alimshika mumewe usoni, akauliza nani aliwatoa kwenye gari.

"Ni daftari tu, mama watoto," alisema Dereva kwa sauti ya kukwaruza. "Tangi limepasuka juzi juzi. Hakuna aliyejua."

Mkaguzi angeweza kunyamaza. Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi, umefunguliwa na mtu aliyeponea chupuchupu.

"Dada, si kweli," alisema Mkaguzi. "Niliandika kuna maji bila kufika. Nilikuwa naficha mguu nisitolewe kazini."

Dada alivuta kiti hadi kwenye kitanda cha mumewe, akakaa, akampa mdogo wake mgongo. Nesi aliingia, akapima, akatoka.

"Wapi?" aliuliza Dada, bila kugeuka.

"Wapi nini?"

"Huo mguu. Unauma wapi?"